Kuongeza kasi ya kompyuta nyumbani bila kuiunguza wala kupiga kelele

Na Mwandishi Wetu, Songea

KOMPYUTA ya mezani katika nyumba za Kata ya Lizaboni, Manispaa ya Songea, mara nyingi si pambo la sebule. Ndiyo steshenari, ndiyo studio ya kurekodia kwaya, ndiyo chumba cha kuhariri video za harusi, na usiku wakubwa wakishalala ndiyo uwanja wa michezo ya vijana. Aghalabu ni mashine ya mtumba iliyowahi kutumika katika ofisi za nje kabla ya kufika mkoani Ruvuma, na mwenye nayo aliinunua kwa fedha za kudunduliza. Inapoanza kujikokota, wazo la kwanza si kununua nyingine. Mwenyewe hujiuliza kama hiyo aliyo nayo haiwezi kusukumwa kidogo ikaenda mbio zaidi.

Inawezekana. Kitendo hicho mafundi hukiita ovakloki, yaani kuiamuru prosesa ifanye kazi kwa mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko yale iliyopangiwa kiwandani. Kimefanyika duniani kwa miongo kadhaa, wakati mwingine kwa faida kubwa. Hata hivyo, kasi hiyo hulipiwa kwa joto, joto hulipiwa kwa feni, na feni hulipiwa kwa kelele. Asiyeijua bei hiyo kabla ya kuanza anaweza kuilipa kwa mkupuo, ama kwa kuunguza mashine au, baya zaidi, kwa kuharibu kazi za wateja pasipo yeye mwenyewe kutambua.

Ifahamike kwanza kuwa sanduku la bati ambalo watu wengi hapa nchini huliita 'CPU' silo CPU. Jina hilo ni la prosesa, kipande kidogo cha silikoni kilichofichwa ndani ya sanduku hilo, chini ya bonge la alumini au shaba lenye mapezi mengi. Bonge hilo ndilo hitisinki, nalo kazi yake ni kunyonya joto la prosesa na kulikabidhi kwa hewa inayosukumwa na feni. Mengi yatakayosemwa hapa yanahusu vitu hivyo vitatu: prosesa, hitisinki na hewa.

Prosesa moja, madaraja tofauti

Mkazi wa Ruvuma anayeijua kahawa ya Mbinga hatapata taabu kuelewa kwa nini prosesa hukubali kusukumwa. Kahawa iliyochumwa shamba moja hupangwa katika madaraja, AA, A, B na kuendelea, na kila daraja huuzwa kwa bei yake. Viwanda vya prosesa navyo hufanya vivyo hivyo. Vipande vingi hukatwa kutoka bamba moja la silikoni, kila kimoja hupimwa, kisha hugongwa muhuri wa kasi ambayo kiwanda kina hakika kitaihimili kwa miaka mingi. Tofauti na kahawa ni kwamba soko linapohitaji prosesa nyingi za bei nafuu kuliko zile za daraja la chini zilizopatikana, kiwanda hugonga muhuri wa daraja la chini kwenye vipande vizuri. Hapo ndipo bahati ya mnunuzi ilipo.

Mfano uliokuwa maarufu zaidi ni ule wa mwaka 1998, kampuni ya Intel ilipotoa prosesa ya Celeron 300A yenye kasi ya megahezi 300. Watumiaji waligundua kuwa wakibadilisha mapigo ya njia kuu ya bodi mama kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa nyingi za aina hiyo zilikwenda kwa megahezi 450 bila matatizo, kasi iliyokuwa ikiuzwa kwa bei kubwa mno kwenye Pentium II. Miaka michache baadaye mashabiki wa kampuni shindani ya AMD walifungua kufuli la prosesa za Duron na Athlon kwa penseli ya kawaida, wakiunganisha vidaraja vidogo juu ya prosesa kwa risasi ya penseli hiyo. Intel Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007, ambayo kiwandani ilipangiwa gigahezi 2.4, nayo ilijulikana kwa kufika gigahezi 3.0 kwa kubadilisha tarakimu moja tu, kutoka 266 hadi 333.

Enzi hiyo imepita kwa kiasi kikubwa. Tangu mwaka 2008 Intel ilipoanza kuweka mfumo wa Turbo Boost katika prosesa zake za Core, prosesa yenyewe hujiongezea kasi pale inapoona kuna nafasi ya joto na umeme. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ziada ambayo zamani mtumiaji aliichimba kwa mkono wake, leo kiwanda kimekwisha kuichimba na kuiuza. Yaliyobaki ni asilimia chache, na hutafutwa kwa jasho. Rekodi zinazotangazwa duniani zisimdanganye mtu: Desemba 2022 timu ya ASUS iliifikisha Core i9-13900K zaidi ya gigahezi 9 kwa kuimwagia heli ya kimiminika, yenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri. Mashine ya namna hiyo haichapi barua ya mtu.

Kwa nini volti ndiyo hatari

Joto linalotolewa na prosesa hufuata kanuni nyepesi. Huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Wanaoharibu mashine wengi hawaijui sehemu hiyo ya pili.

Ichukuliwe prosesa inayokwenda kwa gigahezi 3.6, ikilishwa volti 1.20 na kutoa joto la wati 65. Mwenyewe anaipandisha hadi gigahezi 4.2, na ili isigome anaiongezea volti hadi 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 17 hivi. Joto limefika karibu wati 96, yaani limepanda kwa asilimia 48. Kwa kila hatua moja ya mwendo amenunua karibu hatua tatu za moto.

Kinyume chake nacho ni kweli, na hakizungumzwi vya kutosha. Prosesa hiyohiyo ikiachwa kwenye gigahezi 3.6 na kupunguziwa volti kutoka 1.20 hadi 1.10, joto hushuka hadi wati 55 hivi bila kupoteza hata pigo moja. Prosesa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na volti zaidi ya zinazohitaji, kwa sababu kiwanda hulazimika kuweka kipimo kimoja kitakachotosha hata kwa kipande dhaifu kuliko vyote. Kwa mwenye studio au steshenari, kupunguza volti mara nyingi kuna manufaa kuliko kuongeza kasi. Mashine hupoa, feni hutulia, na prosesa zinazojiongezea kasi zenyewe hubaki katika kasi ya juu kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa joto haliziwekei breki.

Madhara ya volti iliyozidi hayaonekani siku ileile. Mwaka 2002 wapenzi wa Pentium 4 za aina ya Northwood walishuhudia prosesa zikifa ghafla baada ya wiki au miezi ya kulishwa volti zaidi ya 1.7. Mwaka 2024 mambo kama hayo yalimkuta mtengenezaji mwenyewe. Intel ilikiri kuwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti ya juu kupita kiasi na kuchakaa kabla ya wakati, ikatoa marekebisho ya programu mwezi Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Hizo ni mashine ambazo wenyewe wengi hawakuzigusa kabisa. Anayepandisha volti kwa mkono nyumbani kwake hana wa kumpa dhamana.

Juni si Novemba

Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wanaijua baridi ya Juni na Julai. Kwa kompyuta hiyo ni neema ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana. Joto la prosesa hupanda juu ya joto la chumba, kwa hiyo kila nyuzi inayopungua chumbani hupungua pia kwenye prosesa, bila gharama yoyote.

Hesabu yake ni hii. Hitisinki ya kawaida huweza kuiacha prosesa ipande kwa nusu nyuzi kwa kila wati, na hewa iliyomo ndani ya sanduku huwa na joto kuliko ya chumbani kwa nyuzi 8 hivi. Chumba kikiwa na nyuzijoto 22 jioni ya Juni, prosesa ya wati 65 itasimama kwenye nyuzi 62 na nusu. Ile iliyosukumwa hadi wati 96 itafika 78, kiwango ambacho bado si kibaya. Lakini mwishoni mwa kiangazi, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba kilichoezekwa bati bila dari huweza kufika nyuzi 32 mchana. Prosesa ile itafika 88, na prosesa nyingi za kisasa huanza kujipunguzia kasi zenyewe kati ya nyuzi 90 na 100. Mipangilio iliyofaulu Juni ikaonekana salama kabisa inaweza kuangusha mashine Novemba, katikati ya kazi ya mteja, bila mwenyewe kuwa amebadilisha chochote.

Prosesa za zamani hazina hata huruma hiyo ya kujipunguzia. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zikiondolewa hitisinki zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mwendo na kuendelea, ilhali Athlon iliungua na kutoa moshi papo hapo.

Mwinuko wa Songea una upande wake wa pili pia. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule wa hewa, lakini uzito wake ni pungufu. Kwa hiyo vipimo vinavyoandikwa kwenye maboksi ya feni na hitisinki, ambavyo kwa kawaida huchukua hewa ya usawa wa bahari, visomwe kwa kupunguza kidogo.

Kwanza mashine yenyewe inakubali?

Sehemu kubwa ya kompyuta za mtumba zinazouzwa hapa nchini, kama Dell OptiPlex na mashine za ofisini za HP, hazina mlango wa kuongeza kasi. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na ofisi hazitaki mfanyakazi aguse mipangilio hiyo. Anayefungua bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaoonekana kwa kubonyeza F2, Delete au F10 mashine inapowaka, hatakuta mahali pa kubadilisha mapigo wala volti.

Kwa upande wa Intel, tangu mwaka 2011 kuongeza kasi ya prosesa kwa njia ya kawaida kumeachwa kwa zile zenye herufi K mwishoni mwa jina, zikiwa kwenye bodi mama za daraja la juu ambazo jina la mfumo wake huanza na herufi Z, mbali na P67 ya mwaka huo wa kwanza. AMD imekuwa karimu zaidi: prosesa zake za Ryzen, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017, karibu zote ziko wazi, isipokuwa zikikalia bodi za daraja la chini kama A320. Programu ya bure ya CPU-Z huonyesha kwa dakika moja jina la prosesa na la bodi mama, na mtu anayenunua mtumba ana haki ya kuomba aionyeshwe kabla hajatoa fedha.

Kwa mwenye mashine iliyofungwa, habari si mbaya kama inavyosikika. Kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD, na kuweka vipande viwili vya RAM vinavyofanana badala ya kimoja, humpa mtumiaji wa kawaida tofauti kubwa kuliko ovakloki yoyote. Na SSD haina sauti.

Vumbi kabla ya volti

Vumbi jekundu la Songea wakati wa kiangazi halihitaji utangulizi. Likichanganyika na moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta ya jikoni hugeuka utando unaonata kati ya mapezi ya hitisinki, na hewa haipiti tena. Mashine nyingi zinazosemekana kuwa 'zimezeeka' kwa kweli zimeziba pua. Prosesa iliyoziba hivyo hujipunguzia kasi kila siku, kwa hiyo kuisafisha kunarudisha mwendo uliokuwa umepotea, kabla ya kufikiria kuongeza mwingine.

Kazi hiyo hufanywa mashine ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Brashi laini ya rangi ambayo haijatumika inatosha kwa sehemu kubwa. Wengine hupeleka mashine kwa fundi wa kujaza upepo matairi, ambapo tahadhari mbili zinahitajika. Kompresa hutoa matone ya maji pamoja na upepo, na hiyo ni sumu kwa bodi mama. Aidha, feni ikiachwa izungushwe na upepo ule mkali huharibika beringi, kwa hiyo ishikwe kwa kidole.

Kati ya prosesa na hitisinki hupakwa dawa maalumu ya kupitisha joto, ambayo hukauka na kuwa kama udongo baada ya miaka. Ikikauka, hitisinki huwa imekaa juu ya prosesa bila kuigusa vizuri. Ya zamani ifutwe kwa spiriti na kitambaa safi, kisha iwekwe mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati. Hitisinki ikibanwa itaisambaza yenyewe. Zipo simulizi mitaani za watu waliotumia dawa ya meno wakaona joto linashuka. Hushuka kweli, kwa siku chache, hadi maji yaliyomo yakauke. Baada ya hapo hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Ili vumbi lisirudi mapema, matundu ya mbele hewa inapoingilia yanaweza kufunikwa kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kike, kinachovuliwa na kufuliwa kila wiki. Feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kidogo kuliko za kutoa, ili hewa ipenye kwenye nyufa za sanduku ikitoka nje badala ya kuingia na vumbi. Na sanduku lisikae sakafuni. Kulipandisha kwenye stuli pekee hupunguza vumbi kwa kiasi kinachoonekana.

Jirani anasikia

Katika nyumba ya kupanga ambayo kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, feni ya kompyuta inayohariri video usiku wa manane husikika hadi kwa mpangaji wa chumba cha tatu. Kwa studio, kelele hiyo ni hasara ya moja kwa moja, kwa kuwa maikrofoni huinasa na hakuna programu inayoiondoa bila kuharibu sauti ya mwimbaji walau kidogo.

Kelele ya feni haitokani na wingi wa feni kama watu wanavyodhani. Feni mbili zinazofanana zikiwashwa pamoja huongeza desibeli 3 tu juu ya moja, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Kinacholeta kelele ni mwendo. Feni ikipunguzwa mzunguko hadi nusu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, na kwa kuwa sikio huhesabu kila desibeli 10 kama nusu ya ukelele, huo ni unafuu mkubwa. Kwa hiyo feni mbili zinazokwenda polepole husukuma hewa sawa na moja inayokimbia, kwa sauti ndogo sana. Kwa sababu hiyohiyo feni pana ya milimita 120 ni bora kuliko ya milimita 80. Mapanga yake marefu hayahitaji kukimbia.

Bodi mama nyingi humruhusu mtumiaji kupanga ndani ya bayosi feni izunguke kiasi gani kwa kila kiwango cha joto. Kosa la kawaida ni kuiacha ipande na kushuka kila mara joto linapocheza kwa nyuzi mbili tatu. Sauti inayobadilikabadilika huudhi kuliko ile ya juu kidogo lakini ya kudumu. Ni afadhali feni ikae mahali pamoja hadi nyuzi 60, kisha ipande taratibu.

Mtetemo nao huongeza kelele, hasa wa diski ya kuzunguka iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikiwekwa kati ya diski na bati humaliza mngurumo huo kwa gharama isiyozidi ya kikombe cha chai. Jambo lisilofaa kabisa ni kulifunika sanduku kwa blanketi au kulifungia ndani ya kabati la mbao ili lisisikike. Ukimya utapatikana, na joto litapanda hadi feni zianze kupiga kelele kuliko awali. Kwa studio, dawa rahisi ni kuliweka sanduku chumba cha pili na kupitisha nyaya ukutani.

Mitambo ya kupoza kwa maji huvutia macho, lakini pampu yake ina sauti yake na ikifa mashine hufa nayo njiani. Hitisinki kubwa yenye feni moja pana haina cha kuvuja.

Umeme

Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na tangu mwaka 2015 ulipata pia umeme wa maji kutoka Tulila, mtambo wa megawati 5 uliojengwa na Masista Wabenediktini wa Chipole katika Mto Ruvuma. Hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa, lakini mahali ambapo nyumba nyingi zinategemea transfoma moja volti bado huweza kushuka jioni, wakati ambapo kompyuta za nyumbani hufanya kazi zaidi.

Pawa saplai ya kompyuta haipunguzi mahitaji yake volti inaposhuka. Huvuta mkondo mkubwa zaidi kufidia. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mkondo hupanda kwa zaidi ya robo, na nyaya za ndani hupata moto zaidi. Ukijumlisha na wati zilizoongezwa na ovakloki, pawa saplai ya mtumba yenye kapasita zilizochoka huwa ndiyo ya kwanza kupasuka, na mara nyingine huondoka na bodi mama. Hivyo kifaa cha kuweka umeme sawa au UPS kinunuliwe kabla ya hitisinki ya fahari.

Gharama ya LUKU, kwa upande mwingine, isimnyime mtu usingizi. Wati 31 za ziada kwa saa 6 kila siku ni karibu uniti 5 na nusu kwa mwezi, ambazo kwa bei ya shilingi 292 iliyopangwa mwaka 2016 kwa wateja wa kawaida ni kama shilingi 1,600 kabla ya kodi.

Kosa lisilopiga kelele

Mashine iliyosukumwa kupita uwezo wake huweza kuzima, na hiyo ndiyo afadhali. Inaweza pia kuendelea kuwaka huku ikikosea hesabu. Tarakimu moja hubadilika kwenye jedwali la michango ya kikundi, faili la video hugoma kufunguka mwezi mmoja baadaye, tasnifu ya mwanafunzi huhifadhiwa ikiwa na kurasa zisizosomeka. Mwenyewe hulaumu virusi.

Ukubwa wa hatari hiyo umepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha matokeo ya kuchunguza karibu kompyuta milioni moja za watu wa kawaida. Kwa prosesa za mtengenezaji mmoja ambaye hawakumtaja, uwezekano wa mashine kuanguka kwa kosa la prosesa ulikuwa 1 kati ya 400 pale kasi ilipoachwa kama ilivyo, na 1 kati ya 21 pale ilipoongezwa. Kwa mtengenezaji wa pili ulipanda kutoka 1 kati ya 390 hadi 1 kati ya 86. Mashine zilizopunguziwa kasi chini ya ile ya kiwandani zilianguka mara chache kuliko zote.

Anayeamua kuendelea baada ya kuyajua hayo aanze kwa kunakili kazi zake zote kwenye diski ya nje na kuichomoa. Kisha apime joto la mashine kama ilivyo, kwa programu kama HWMonitor, na kuliandika kwenye karatasi pamoja na saa na hali ya hewa. Kasi ipandishwe kwa hatua ndogo, megahezi 100 kila mara, volti ikiachwa palepale ilipo. Kila hatua ijaribiwe kwa Prime95, programu inayoichosha prosesa kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kwa hiyo huligundua kosa ambalo macho hayalioni. MemTest86 hufanya hivyo kwa upande wa RAM. Dakika kumi zinatosha kati ya hatua na hatua. Kipimo cha mwisho kiwe cha saa kadhaa.

Kosa la kwanza likitokea, au joto likipita nyuzi 80, hatua ya busara ni kurudi nyuma hatua mbili na kuacha hapo. Mara nyingi mtu atakuwa amepata asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza volti yoyote, na feni ikiwa bado imetulia. Kinachofuata, kile cha kupandisha volti ili kupata asilimia nyingine chache, ndicho kinachochoma mashine, na kwa kompyuta inayolipa ada ya watoto hakina maelezo.

Mashine ikigoma kuwaka baada ya mabadiliko, ichomolewe kwenye umeme, kisha ile betri ya duara iliyo kwenye bodi mama, ya aina ya CR2032, itolewe kwa dakika kadhaa na kurudishwa. Mipangilio yote itarejea ya kiwandani. Vipimo vyote navyo virudiwe mwishoni mwa Oktoba, saa nane mchana, madirisha yakiwa katika hali yake ya kila siku na kompyuta ikiwa pale pale inapofanyia kazi.